Siku moja kazini: "Izime tu hiyo SELinux"

Saa mbili asubuhi naanza na logi ya ukaguzi: `ausearch -m AVC`, amri ya kutafuta makatazo. Kazi yangu ni kutunga na kutunza sera za SELinux, mfumo wa ulinzi ndani ya Linux: kanuni zinazosimamiwa na kerneli yenyewe (kiini cha mfumo) kuamua huduma iguse nini na isiguse nini. Hata huduma inayoendeshwa kwa jina la root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, inabanwa. Usiku umepita salama, kwa hiyo hadi saa nne nahakiki moduli mpya ya sera na kuipeleka kwenye seva ya majaribio.

Saa nne na nusu simu inalia.

"Kaka, wavuti imegoma. Tumeweka chmod 777, bado. Izime tu hiyo SELinux tuendelee na kazi."

Teknolojia hii imo ndani ya kerneli ya Linux tangu 2003, na ombi hilo bado halijaisha. Linaniuma kila ninapolisikia. Ruhusa za kawaida za faili huangaliwa kwanza. Zikikubali, ndipo sera huulizwa. Kwa hiyo 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, haibadilishi chochote kwenye sera, na kuizima ni kuziacha wazi huduma zote za seva kwa ajili ya mafaili machache.

Nasoma mstari wa katazo. Sera huamua kwa lebo: anayeomba ni `httpd_t`, yaani huduma ya wavuti, anataka kusoma, na faili lina lebo ya `user_home_t`, ya mafaili ya nyumbani kwa mtumiaji.

"Mliyaandaa kwenye saraka ya nyumbani, halafu mkayaleta `/var/www` kwa `mv`?"

Kimya kidogo. "Ndiyo."

`mv`, amri ya kuhamisha, huja na lebo ya kule faili lilikotoka. Mwenzake ameshapitisha katazo kwenye `audit2allow`, zana inayogeuza katazo kuwa kanuni ya kuruhusu, amepata kanuni, anataka niipakie. Nakataa. Kanuni ile ingeipa wavuti kibali cha kisera cha kusoma `user_home_t` popote ilipo, na mdukuzi akiiteka wavuti anarithi kibali hichohicho. Dawa ni `restorecon -Rv /var/www`, amri inayorudisha lebo sahihi. Sekunde chache tu. Kubishana ndiko kulikokula saa nzima.

Chakula cha mchana nakisahau. Programu ndogo inayoandamana na wavuti inakufa ikianza tu, na logi haina hata mstari mmoja. Hapo ndipo kazi hii inapochosha: baadhi ya makatazo hunyamazishwa na kanuni za `dontaudit`. Natoa `semodule -DB` kuondoa unyamazishaji huo, logi inafurika, nachambua mstari kwa mstari mpaka macho yanawasha. Ninayemtafuta yuko katikati ya fujo: programu inatafuta faili la mipangilio ndani ya `/root`. Sera ilikuwa sahihi kuikatalia. Namwomba msanidi ahamishie mipangilio `/etc`. Safari hii habishi, anauliza lebo ya huko itakuwaje. Swali hilo limenifurahisha kuliko yote ya leo.

Giza limeshaingia. Narudisha unyamazishaji kwa `semodule -B`, naanzisha huduma upya, naangalia `getenforce`. Enforcing, yaani sera inatekelezwa. Nafunga tiketi.