Mdogo wangu alipokamatwa kwa ulevi barabarani: wakili alitusaidia nini

Mdogo wangu alipokamatwa akiendesha gari amelewa, karibu ukoo mzima ulisema wakili ni hela ya kutupa. Amekunywa, vipimo vimesema. Akiri, alipe faini, arudi nyumbani. Mimi nilitafuta wakili, wala sikutaka amtoe kwa ujanja. Nilitaka mtu anayezijua zile karatasi azisome kabla mdogo wangu hajatia sahihi.

Kazi ya kwanza wakili aliifanya kwa simu, akimwagiza mdogo wangu: ataje jina na anwani, awe na adabu, asiandikishe maelezo mpaka yeye wakili afike. Mtu aliyechoka mahabusu hutamani sana kujieleza. "Nilikunywa mbili tu, afande." Hizo mbili tu zikishaandikwa, ni kukiri. Nchi nyingi zinampa mtuhumiwa haki ya kukaa kimya, ila ukimya huo hauhusu kipimo: mahali pengi kukataa kupuliza kwenye mashine ya kupima pumzi ni kosa linalojitegemea, na adhabu yake inaweza kulingana na ya ulevi wenyewe au hata kuizidi.

Na hapo ndipo mwiba ulipokuwa. Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa mawili, kuendesha akiwa amezidisha kiwango cha kilevi na kukataa kupimwa pumzi. Nyumbani tulikuwa tunalijadili la kwanza peke yake. Wakili aliomba nakala za kila kitu: maelezo ya askari, cheti cha kuhakikiwa kwa kipima pumzi, matokeo ya damu, na kile kikaratasi kinachotoka kwenye mashine, kidogo kama risiti ya dukani. Juu kilikuwa na saa, chini majaribio, na mbele ya kila jaribio hapakuwa na tarakimu bali maneno kwamba pumzi haikutosha. Akaweka kidole hapo.

"Ulikataa, au ulishindwa?"

"Nilishindwa. Nina pumu."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Pumu anayo tangu utotoni, na sote tunaijua, ila hakuna aliyeihusisha na kesi. Mashine hutaka upulize mfululizo kwa sekunde kadhaa kwa sababu inatafuta hewa ya ndani kabisa ya mapafu, ile inayobeba kilevi kutoka kwenye damu. Mwenye pumu anaweza kupuliza kwa nguvu zake zote asiifikishe. Wakili alipeleka kumbukumbu za hospitali na barua ya daktari kwa mwendesha mashtaka, na lile shtaka la kukataa likaondolewa.

Baada ya hapo, kusema kweli, nilianza kuota kwamba na la damu litaanguka. Wakili alilikagua bila haraka: damu ilitolewa saa ngapi, chupa zilifungwa na nani, zilipita mikononi mwa nani mpaka maabara. Saa ina maana kubwa. Mwili huondoa kilevi polepole, kwa wastani wa takriban asilimia 0.015 kwa saa, na kwa mtu aliyetoka kunywa sasa hivi kiwango huweza kuwa bado kinapanda, kwa hiyo kilichopimwa hospitalini si lazima kiwe kilichokuwamo akiwa kwenye usukani. Lakini yote yalikuwa sawa, na kiwango kilivuka hata kikomo cha kisheria cha asilimia 0.08 cha majimbo mengi ya Marekani, sembuse cha 0.05 kinachotumika katika nchi nyingi nyingine. "Hili tukiri," akasema. Nilimheshimu zaidi kwa neno hilo kuliko kwa ushindi wa kwanza. Wakili mwingine niliyeonana naye kabla yake aliniahidi tutashinda kabla hajasoma hata ukurasa mmoja; nikamuaga.

Jambo ambalo tungelikosa kabisa ni leseni. Mahali pengi kufungiwa leseni kuna njia yake, mbali na kesi, na muda wa kupinga ni mfupi. Wetu ulikuwa umeandikwa nyuma ya karatasi aliyopewa kituoni, kwa herufi ndogo, na ungeisha kabla ya tarehe ya mahakama.

Kuhusu malipo, niling'ang'ania makubaliano ya maandishi: yanafika mpaka hukumu au yanaishia siku ya kwanza, na suala la leseni limo? Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria pale pale mahakamani. Nchi nyingi zina utaratibu huo.

Mbele ya hakimu wakili alisema machache: kosa la kwanza, hakuna aliyeumia, na mshtakiwa ameshaanza ushauri nasaha kuhusu pombe. Ikatoka faini na kufungiwa leseni, bila kifungo. Bima imepanda, na wakili alituonya tusiifiche hukumu hiyo kwenye fomu ya kuhuisha bima, maana kampuni ikigundua inaweza kukataa kulipa siku ya ajali.