Nati iliyopasuka zizini

Jumamosi niliitwa Uyole, bomba linavuja zizini. Nati ya brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) niliyofunga mwenyewe, haijamaliza hata miaka miwili, imepasuka kwa urefu. Kutu hakuna, inang'aa. Mzee mwenye ng'ombe akaniangalia: "Fundi, ulinifungia feki?" Nikamwapia, "Hapana mzee, siyo feki."

Kosa langu lilikuwa kuikaza mno, tena pembeni ya mkojo. Mkojo hutoa amonia. Brasi iliyokazwa ikipata amonia na unyevu hupasuka kimyakimya. Hata Waingereza yaliwakuta kule India: maganda ya risasi ya brasi yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka msimu wa mvua.

Ufa wenyewe huanzia padogo mno. Wanasayansi Binnig na Rohrer, Zurich, Uswisi, mwaka 1981, walibuni hadubini yenye sindano inayopita juu ya metali karibu kabisa, bila kuigusa. Siku hizi watafiti huizamisha hata kwenye kimiminika, wakiona atomu za shaba zinavyobanduka kwenye kingo. Milimita moja tu ni msururu wa atomu karibu milioni 4! Mimi nina tochi na lenzi ya fundi saa.

Nikamfungia nati ya plastiki, bure. Chai ya maziwa nilipewa, lakini.