Nilivyoufundisha uso kutulia baada ya neva kuumia

Neva ya uso ilipoumia nilianza na jicho, mdomo baadaye. Kope zisipofumba, konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, hukauka ikapata vidonda. Mchana nilitia machozi bandia, usiku nikapaka marhamu ya macho na kubana kope kwa utepe wa hospitali. Kama chanzo ni kupooza kwa Bell, yaani upande mmoja wa uso kulegea ghafla bila sababu kujulikana, dawa ya prednisoloni hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Na paji la uso litazamwe: likigoma kujikunja, mara nyingi neva yenyewe imeumia. Kiharusi kwa kawaida huliacha paji likijikunja, kwa sababu linapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Lakini mdomo ukienda upande ghafla, hospitali kwanza. Kubahatisha nyumbani ni hatari.

Neva iliyobanwa kidogo huamka ndani ya wiki chache. Nyuzi zilizokatika huota upya, takriban milimita 1 kwa siku, na baadhi hupotea njia: uzi wa mdomo unaingia kwenye msuli wa jicho. Ndiyo maana, mara nyingi kati ya mwezi wa 3 na wa 6, ukitabasamu jicho linajifumba. Ubongo nao hupanga upya ramani yake ya uso, na kila unapolazimisha tabasamu unaukaririsha huo mchanganyiko.

Kwa hiyo niliacha kabisa kujikamua, kutafuna chingamu kama zoezi, na vifaa vya umeme vya kushtua misuli. Nilikaa mbele ya kioo. Misuli ya uso ina vipokezi vichache mno vya kuujulisha ubongo imevutika kiasi gani, basi macho ndiyo hufanya kazi hiyo. Tabasamu robo, polepole, pande zote mbili sawa. Jicho likianza tu kusinyaa, narudi nyuma, nalegeza, naanza tena. Dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku zatosha, maana msuli uliochoka hukosea.

Shavu lililokakamaa nililinyoosha kwa kidole gumba ndani ya mdomo na kidole cha shahada nje, nikivuta taratibu na kushikilia sekunde 30.

Mvutano usiposikia mazoezi, daktari huweza kuchoma botulinamu, dawa ya kulegeza misuli, kidogo kwenye msuli unaojivuta. Hulegeza kwa miezi 3 au 4, na hapo ndipo kioo kinatakiwa zaidi.