Chumvi ya Mfalme

Hapa Kisumu, ambako mama muuza samaki hununua chumvi kiasi atakacho na kuitumia apendavyo, wanafunzi wangu wa historia huguna nikiwaeleza kwamba mfalme wa Ufaransa aliwalazimisha raia wake kuinunua. Kodi hiyo iliitwa gabelle. Katika mikoa iliyotozwa zaidi, sheria ya mwaka 1680, enzi ya Louis XIV na waziri wake Colbert, iliitaka kila kaya ichukue kiasi maalumu kutoka ghala la mfalme kwa kuhesabu kila mtu aliyetimiza miaka minane. Na kwa kuwa chumvi hiyo ilikuwa ya kupikia na ya mezani tu, mkulima aliyehifadhia nyama ya nguruwe alitozwa faini.

Vitabu vingi humwita Louis mtawala asiye na mipaka, sifa ambayo mimi naiona imetiwa chumvi. Bretagne, iliyounganishwa na Ufaransa mwaka 1532 na kuhifadhi haki zake za kale, haikulipa gabelle, ilhali ng’ambo ya mpaka wake, mkoani Maine, bei ilikuwa mara nyingi zaidi. Magendo yakashamiri: wanawake walificha chumvi ndani ya nguo, mbwa wakafunzwa kuibeba usiku, na wanaume waliokamatwa wangeweza kupelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliifuta gabelle mwaka 1790. Napoleon, akihitaji fedha, akairejesha kodi ya chumvi mwaka 1806.