Kituo cha Kumi na Tatu

Jumatano ya Majivu ya mwaka 1997, tarehe 12 Februari, nilikwenda kanisani kwa sababu moja tu: mama alihitaji mtu wa kumsindikiza. Ilikuwa inakaribia miezi tisa tangu meli ya MV Bukoba izame katika Ziwa Victoria asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kufika Mwanza, na kaka yangu, aliyekuwa akirejea kutoka Bukoba, hakuonekana tena. Hatukujua kama alikuwa miongoni mwa waliozikwa Igoma bila kutambuliwa au bado yumo ziwani. Padri aliponipaka majivu na kunikumbusha kwamba mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi, moyo wangu ulikasirika, kwa kuwa kaka yangu maji ndiyo yaliyomchukua.

Nyumbani kwetu Kirumba samaki hawakupikwa tangu siku ile. Harufu ya dagaa wa soko la samaki la Mwaloni ilitufikia hadi vyumbani, lakini mama hakutaka kutia kinywani kitu chochote kilichotoka katika ziwa lile. Ijumaa za Kwaresima, majirani walipokula sato badala ya nyama, sisi tulikula maharage, nami sikumuuliza neno.

Njia ya Msalaba, ibada ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, kigango chetu kiliifanya nje, jioni, tukipanda kilima katikati ya yale mawe makubwa ya Mwanza huku wanajumuiya wakipokezana msalaba wa mbao. Kadiri tulivyopanda ndivyo ziwa lilivyozidi kuonekana, na mimi nilikuwa nimezoea kuligeuzia kisogo. Vituo vingi nilivipita kwa midomo tu.

Katika kituo cha kumi na tatu, Yesu anaposhushwa msalabani na kulazwa mikononi mwa Mama yake, mama alipiga magoti juu ya jiwe, na wenzetu walipoinuka yeye hakuinuka. Katekista alinyamaza akasubiri. Hadi leo namshukuru kwa kunyamaza kule. Nilipoinama kumshika mkono, aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mwenzangu huyu walau alimpakata wa kwake."

Sikuwa na la kumjibu. Nilipiga magoti kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu Mei nikasali kwa maneno yangu mwenyewe: nilimwambia Mungu kwamba namdai kaka yangu, na kwamba kama Mama yule aliweza kungoja hadi siku ya tatu akiwa amepakata maiti ya mwanawe, basi anifundishe na mimi kungoja. Ilikuwa sala yenye ukali, lakini nilijua kwamba imesikika, na uhakika ule haujaniondoka.

Katika kituo cha mwisho, katekista aliposema, "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru," sauti ya mama ndiyo iliyotangulia kuitikia, "Kwa kuwa umewakomboa watu kwa msalaba wako mtakatifu." Alikuwa ameligeukia ziwa. Nami nikaligeukia, nikakumbuka neno la Ufunuo kwamba bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake, nikaliamini kwa ajili ya kaka yangu, awe Igoma au majini.

Ijumaa iliyofuata mama alinipa pesa akanituma Mwaloni kununua dagaa. Aliwaunga kwa nyanya na vitunguu, akabariki chakula, akamtaja kaka kwa jina, kisha akala.