Jozi ya Nne kwa Shilingi 200

Mwaka 2008 kusi lilianza kuvuma hoteli zikiwa tupu. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimeshafukuza watalii, Wataliano wengi wa Malindi walikuwa kwao, na sisi wahudumu tulikaa tu. Wazungu waliobaki mjini, tulitaniana, ni wale wa karata.

Tulicheza Shela, mtaa wa hapo Malindi, uani kwa Ami mmoja aliyekuwa baharia. Poka, karata za kuwekeana fedha ambazo kila mtu hushika mbili na kuziunganisha na tano za wote mezani, alijifunza melini. Mama alidhani nimekwenda kutazama mpira, na hadi leo anadhani hivyo. Ami hakuruhusu ila limiti: shilingi 50 kabla ya karata tatu za mezani na zikishafunuliwa, 100 kwa mbili za mwisho, kupandisha kusizidi mara tatu. Bila mpaka, alisema, tungeuza vitanda.

Usiku huo nilianza kusema mimi, na mkononi nina nne mbili, ya kopa na ya shupaza. Mimi nimekulia karata za barazani, ambako ukiwa na kitu unakipiga mezani kwa kishindo. Nikapandisha hadi 100. Wa pili akatia 150, wa tatu 200. Nililipa zote. Mezani ikaja tisa, bibi na ree. Nne haikutokea hata moja. Badala ya kutupa nikafuata hadi mwisho, ukaidi mtupu, nikaonyeshwa bibi tatu.

Sasa nimeingiwa na woga, na ndipo wakaja wazungu wa nne wawili, yaani wafalme. Jozi ile huja takriban mara 1 katika mara 221. Nami nikafanya nini? Nikajificha. Nikalipa 50 kimya kimya, nyuma yangu wakaingia watatu, na yule aliyetanguliza 50 ya lazima akatazama bure kabisa akiwa na saba na tatu, takataka. Mezani: saba, kumi, tatu. Jozi mbili kwake, moja kwangu. Alinikamua kila duru, nami nikiamini wazungu wangu wataniokoa.

Ami aliweka kikombe cha kahawa chini. “Mwanangu, umevaa shati kinyume. Ungepandisha, zile saba na tatu angezitupa.”

“Na zile nne, Ami?”

“Nne ni dema. Unatega kwa chambo rahisi, siku nyingi unaliopoa tupu. Nne ya tatu huja mezani mara 1 katika 8 au 9. Sasa utalipa 200, na mbele yako watu wawili, ili uopoe nini?”

Nilinuna. Aliyenitia uchungu zaidi ni yule wa saba na tatu, aliyekuwa akipanga sarafu zangu kwa safu kama muuza maembe.

Karibu na alfajiri nikapata tano mbili, nami nasema karibu na mwisho. Wanne wameshaingia kwa 50, hakuna aliyepandisha. Nikatia 50 yangu, basi. Mezani ikaja ghulamu, nane, mbili. Mmoja akaweka 50, mwingine akapandisha. Nikatupa.

Ami hakusema neno. Alinimiminia kahawa, mara ya kwanza usiku ule.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nauli ya tuktuk ilikuwa kwenye safu ya yule bwana.