Zana Moja kwa Kazi Moja

Tabata, Jumapili jioni

Tangu tuhamie nyumba hii nimejiwekea utaratibu mmoja: sinunui zana mpaka iwepo kazi inayoihitaji. Ukienda Gerezani, kule Kariakoo, utaonyeshwa masanduku yaliyopangwa vizuri, kila kifaa kwenye kitundu chake, yanang'aa. Yanatamanisha kweli. Lakini nusu ya vilivyomo ni soketi za kufungulia boliti za gari, na mimi sina gari. Vingine ni vya chuma laini ambacho skrubu ikikaza kidogo tu, ncha inapinda. Pesa ya sanduku zima nimeona bora niigawe, ninunue kimoja kimoja kilicho imara, kadiri nyumba inavyodai.

Nyumba ilianza kudai pazia. Kwa hiyo cha kwanza kilikuwa tepu ya kupimia, ile ya chuma ya mita 5 inayojikunja yenyewe ndani ya kasha. Fundi seremala wa mtaani kwetu ndiye aliyeniambia niangalie ile ndoano ya mwanzoni.

"Inachezacheza, mzee," nikamwambia. "Hii si mbovu?"

"Mwanangu, isipocheza ndiyo mbovu."

Akanionyesha. Ukiing'ang'aniza ndoano kwenye ukingo wa ubao na kuvuta, inasogea nje kidogo. Ukiisukuma ukutani kupima ndani ya fremu ya dirisha, inarudi ndani kidogo. Mwendo wake ni sawasawa na unene wa hilo bati la ndoano, ili sifuri ibaki sifuri, uwe unavuta au unasukuma. Nilikaa kwenye benchi lake nikaisogeza mbele na nyuma, nikifurahia akili ya aliyeibuni. Jioni ile nikapima madirisha yote, milango, nafasi ya friji, kimo cha sinki, nikaandika kwenye daftari. Hilo daftari nalihesabu kuwa zana. Nikiingia dukani nataja milimita, na muuza duka ananijibu kwa milimita.

Bisibisi nimenunua mbili tu, bapa moja na ya nyota moja. Ya nyota ni namba 2, maana ndiyo inayoingia kwenye skrubu nyingi za humu ndani: bawaba za kabati, vitasa, vifuniko vya swichi. Mtindo huo wa nyota ulienezwa na Mmarekani Henry F. Phillips katika miaka ya 1930, na uzuri wake ni kwamba ncha inajiweka katikati yenyewe. Ubaya wake ni kwamba isipokaa sawasawa inaruka na kulainisha kichwa cha skrubu, na skrubu iliyolainika kichwa ni mateso kuitoa. Kwa hiyo naiingiza ncha mpaka mwisho, nasimamisha mpini wima, nasukuma kwanza, ndipo nazungusha. Dukani naomba nipewe na skrubu, nijaribu ncha inavyokaa kabla sijalipa.

Kazi ya leo ilikuwa koki ya jikoni. Ilikuwa ikidondosha usiku kucha, na mimi maji yakidondoka silali. Nilifunga koki kuu nje karibu na mita, nikaifungua ile ya jikoni mpaka maji yakaisha kwenye bomba, nikaziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Binti yangu akashika tochi. Juu ya mshikio kuna kifuniko kidogo cha plastiki, chini yake skrubu ya nyota. Mshikio ukatoka. Hapo ndipo spana malaya, kama mafundi wote wanavyoiita, ilipofanya kazi iliyonunuliwa kwayo. Taya lake moja limetulia, jingine linatembea kwa kuzungusha kiskurubu. Unalibana mpaka liguse nati pande zote mbili bila mwanya, halafu unaielekeza spana ili nguvu kubwa iangukie taya lililotulia. Ukiielekeza kinyume, lile linalotembea linalegea na kuzikwangua kona za nati.

Nati ikaachia, nikachomoa moyo wa koki. Chini yake kuna raba ndogo nyeusi, mviringo, na katikati ya raba ile kulikuwa na mfereji wa duara uliochimbika kwa miaka ya kufungwa kwa nguvu. Maji yalikuwa yanapita humo. Binti yangu aliupapasa kwa kidole. "Kwa hiyo mama, ni haka tu?" Ni hako tu. Nilishaomba dukani raba ya koki ya nusu inchi. Nikafuta uchafu kwenye kikalio kilichomo ndani ya koki, nikavalisha mpya, nikarudisha kila kitu kwa mpangilio uleule. Tumefungua maji, tumefunga, koki imekauka.

Kitu kimoja cha kujua kuhusu ule utepe mweupe mwembamba wa mabomba, wa kuzuia maji yasivuje kwenye maungio, maana huwa ninao: unazungushwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, ukiwa umeuelekeza mwisho wa bomba usoni kwako. Hivyo unapokaza, utepe unajibana zaidi. Ukiuzungusha kinyume unafumuka wote.

Umeme ni habari nyingine, na hapa nimejichorea mstari. Nyumba zetu zinapata volti 230, na volti 230 inaua. Nina testa, ile yenye kitaa ndani ya mpini, ila siiamini peke yake. Kabla ya kuigusisha mahali ninapotaka kuwa na uhakika kwamba hapana moto, naijaribu kwanza kwenye soketi ninayojua ina moto, kwa sababu testa iliyokufa na waya usio na moto vinaonekana sawa. Na swichi kuu nazima kwa mkono wangu, simtumi mtu.

Ninachofanya mwenyewe ni plagi. Plagi ya pini tatu ukiifungua, pini ndefu ikiwa juu, waya wa kahawia unakwenda kulia kwenye fyuzi, wa bluu kushoto, wa kijani na njano juu, ambao ndio erthi. Fyuzi iendane na chombo: pasi inahitaji ya ampea 13, taa ya mezani ya ampea 3 inaitosha. Ukiweka ya 13 kwenye taa, waya wake mwembamba unaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Chochote kilicho ndani ya ukuta namwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Jirani mmoja aliniuliza kama sioni nawanyima mafundi riziki. Swali la haki, na nimelifikiria sana. Ninavyoona mimi, fundi bomba aliyepanda daladala mbili kuja kubadilisha raba hapati cha maana. Sehemu kubwa inaishia kwenye nauli. Siku nikimwita kwa ajili ya bomba lililopasuka ukutani, namweleza tatizo liko wapi, nimeshafunga maji, na bei yake silumbani nayo sana, kwa sababu sasa najua kazi ile ina ugumu gani. Heshima yangu kwa mafundi imeongezeka tangu nianze kushika spana.

Vingine vipo: nyundo yenye kucha za kung'olea misumari, plaizi, msumeno mdogo wa chuma, msasa, pimamaji fupi ya kunyooshea rafu. Vyote vinakaa kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoiosha. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, chuma hakichelewi kupata kutu, kwa hiyo kila nikimaliza kazi navifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Inayofuata ni rafu ya vitabu vya binti yangu, na ukuta wetu ni wa tofali za saruji. Misumari ya zege imebomoa plasta pembeni ya dirisha kabla hatujahamia, naiona kila siku. Hapa inahitajika drili, biti ya ukuta ya milimita 6, na vile vipande vya plastiki vinavyoshika skrubu ndani ya tundu. Biti na plastiki nitanunua. Drili yenyewe kwa matundu machache sioni sababu, na seremala amekubali kuniazima Jumamosi mchana akishafunga kazi, kwa sharti kwamba aje yeye mwenyewe anisimamie tundu la kwanza. Nimemwambia chai itakuwepo.